Mwalimu wa Dini, Iache Hadithi Iulize Kwanza

Nabii Nathani alipotumwa kwa Mfalme Daudi baada ya kisa cha Bathsheba na Uria, hakuanza kwa kumsomea amri. Alimsimulia kisa cha kubuni: tajiri mwenye kondoo na ng'ombe tele, maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyemlea pamoja na wanawe, na mgeni aliyebisha kwa tajiri. Daudi aliposikia mwana-kondoo wa maskini amechinjwa, alighadhabika na kutoa hukumu yeye mwenyewe: mtu huyo anastahili kufa, na atalipa mara nne. Ni baada ya hapo tu ndipo Nathani aliposema, "Wewe ndiwe mtu yule." Kisa kiko katika 2 Samweli 12, na kila mwalimu wa dini anakijua. Ajabu ni kwamba darasani tunapanga mambo kinyume chake. Funzo linatangulia, hadithi inaletwa nyuma yake kama mfano, na mwanafunzi hapati nafasi ya kughadhabika wala kuhukumu kabla ya kuambiwa anachopaswa kufikiri.

Hoja yangu ni moja. Hadithi za vijana, yaani riwaya fupi na hadithi fupi zilizoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa miaka 12 hadi 17, ni mojawapo ya nyenzo bora za somo la dini katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9. Lakini zinafaa kwa sharti kwamba mwalimu aziache ziulize swali kabla yeye hajalijibu. Hadithi inayotumiwa kupamba jibu lililokwisha kuandikwa ubaoni ni afadhali ibaki kabatini.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Katika miaka ya 1970, somo la dini ya Kikristo katika sekondari za Afrika Mashariki lilipangwa upya kwa mada za maisha, kama vile kazi, mapenzi na ndoa, na uhuru na mamlaka. Kila mada ilitazamwa kwa pembe nne: maisha ya leo, mila za Kiafrika, historia ya Kanisa, na Biblia. Uingereza nako, Harold Loukes mwaka 1961 na Ronald Goldman mwaka 1964 walionyesha jinsi vijana wanavyoweza kukariri visa vya Biblia bila kuviunganisha na lolote wanaloliwaza. Uswidi, mtaala wa shule za msingi wa 1969 ulipoligeuza somo la dini kuwa somo la kuzijua dini mbalimbali, maswali ya maisha ya wanafunzi yalipewa nafasi rasmi ndani yake. Hapa Kenya mbinu ya kuanzia maishani bado imo katika mafunzo ya ualimu, ila darasani imesinyaa ikawa utangulizi wa dakika tatu: "Nani amewahi kusamehewa? Vizuri. Fungueni Luka 15."

Hadithi hurudisha uzito uliopotea hapo. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 aliyeulizwa mbele ya wenzake 60 kama amewahi kusamehewa atatoa jibu salama. Huyo huyo, akiulizwa kama msichana wa hadithini alikosea kukataa kumpokea babake aliyerudi baada ya miaka saba, atabishana mpaka kengele ilie. Anajadili maisha yake bila kulazimika kuyaanika.

Kosa la kwanza ninaloliona ni kuchanganya maswali ya maisha na matatizo ya jamii. Mimba za mapema, dawa za kulevya na simu za mkononi ni matatizo, na jibu linalotarajiwa na mtu mzima linajulikana. Swali la maisha ni lile ambalo hata mwalimu hajalimaliza. Kwa nini mtoto asiye na hatia afe? Je, nikimsamehe aliyeniumiza, haki yangu imekwenda wapi? Mimi ni nani nikitolewa katika jina la ukoo wangu? Je, kuna anayeniona nisipoonekana na yeyote? Hadithi nyingi zinazonunuliwa kwa ajili ya vijana ziliandikwa kupambana na matatizo, na kijana anajua mwisho wake akifika ukurasa wa tatu: aliyependa akiwa shuleni atafukuzwa, aliyesali atapata ufadhili. Kitabu kama hicho huwa kimemaliza kazi ya kufikiri kabla ya kufunguliwa.

Kwa hiyo mchujo uwe mkali. Mhusika mkuu awe na umri wa mwaka mmoja au miwili zaidi ya wasomaji, kwa sababu vijana husoma kwa kutazama mbele, na mhusika mdogo kuliko wao humwita mtoto. Awe na uamuzi wa kufanya ambao una gharama kila upande. Watu wa dini waliomo wasiwe wote watakatifu wala wote wanafiki. Kisha mwalimu ajaribu jambo hili: asome sura anayoitaka, halafu aandike funzo lake kwa sentensi moja. Akiweza kuliandika bila kusita, achague sura nyingine. Akijikuta anaandika sentensi mbili zinazopingana, amepata.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvulana wa mtaa wa Mathare, Nairobi, ameachiwa dada yake mdogo usiku wa mafuriko, mafuriko kama yale yaliyofagia nyumba za kando ya mto mwezi Aprili 2024. Maji yanaingia, anamshika mkono, anamwachia kwa dakika moja ili aokoe begi lenye vitabu vya shule, na mtoto anachukuliwa na maji. Kwenye mazishi mhubiri anasema, "Mungu ametoa, Mungu ametwaa." Nyanya yake hasemi neno. Mvulana anasimama pembeni akijua ni nani aliyeuachia ule mkono. Sura inaishia hapo.

Sehemu ya kusomwa iwe na maneno 800 hadi 900. Kiswahili kikisomwa kwa sauti, kwa utulivu, huenda takriban maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo hiyo ni kama dakika tisa. Ikizidi 1,200, kipindi cha dakika 40 kitamezwa na usomaji. Mwalimu asome mwenyewe. Kuwapokezana wanafunzi aya kwa aya ni desturi nzuri ya somo la lugha, lakini hapa huua hadithi: darasa linasikiliza nani anakwama, halisikilizi kinachotokea. Kama kuna nakala, moja kwa wanafunzi watatu inatosha kufuatilia. Kama ipo moja tu, inatosha pia.

Kituo cha kukomea ndiyo sehemu inayohitaji maandalizi zaidi kuliko nyingine yoyote. Kikatwe baada ya tendo na kabla ya matokeo kutulia. Katika mfano wetu, ukisoma hadi mazishini umekomea pazuri. Ukiendelea na sura inayofuata hadi nyanya anapomkumbatia mjukuu na kumwambia halikuwa kosa lake, umeliondoa swali mezani, na darasa litarudia maneno ya nyanya kama jibu.

Baada ya kusoma, kimya cha dakika mbili. Walimu wengi hawakiwezi kimya hiki. Wanaona kama kipindi kimekwama. Kivumiliwe. Kisha dakika nne kila mwanafunzi aandike swali moja kwenye kipande cha karatasi. Aandike swali, asiandike jibu wala jina lake. Baada ya hapo makundi ya watu sita kwa dakika 12, kila kundi likisoma maswali yake sita na kuchagua moja ambalo linastahili kuulizwa na darasa zima. Darasa la wanafunzi 60 litatoa maswali kumi. Makundi kumi yakipewa dakika mbili mbili za kuwasilisha, dakika 20 zimekwisha na hakuna aliyesikiliza, kwa hiyo yasiwasilishe. Kila kundi libandike swali lake ubaoni, na zile dakika 13 hivi zilizosalia zitumike kuyapanga mafungu matatu: ya kisa, ambayo jibu lake limo katika maandishi ("Begi lilikuwa na nini?"), ya mhusika, yanayohitaji kukisia kwa ushahidi ("Kwa nini nyanya alinyamaza?"), na ya maisha ("Je, ni Mungu aliyemchukua yule mtoto, au ni mto?"). Mtaala wetu wa umilisi unawataka walimu waanze na maswali dadisi, ila kwa kawaida huwa yameshaandikwa na waliotunga mtaala. Hapa yanatoka kwa wanafunzi, na tofauti inasikika darasani.

Swali moja lipigwe marufuku katika kipindi hiki cha kwanza: "Hadithi hii inatufunza nini?" Wanafunzi wetu wamelizoea tangu chekechea, na wanalijibu bila hata kusikiliza. Likiulizwa, mikono itainuka, "Inatufunza tuwatunze wadogo wetu," na mazungumzo yamekufa. Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi wa Marekani aliyeandika kuhusu jambo hili tangu 1938, alitofautisha kusoma ili kuondoka na habari na kusoma ili kuishi kilichosomwa. Swali la funzo humhamisha mwanafunzi kutoka usomaji wa pili kwenda wa kwanza papo hapo.

Lugha ya makundi iachwe iwe yao. Somo la dini katika ngazi hii hufundishwa kwa Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza, na maswali mazito ya mtoto wa Kayole hayamjii kwa Kiingereza. Yanamjia kwa Kiswahili na kwa Sheng. Akilazimishwa kuyatafsiri kabla ya kuyasema, anayasema yale mepesi tu.

Kipindi cha pili ndicho cha maandiko, na hapa namwomba mwalimu awe jasiri. Maneno ya mhubiri wa hadithini yametoka Ayubu 1:21. Mara nyingi aya hiyo hutumiwa kufunga mjadala, ilhali kitabu chenyewe kina sura 42, na kufikia sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake wanamtetea Mungu kwa ufasaha mkubwa, sura baada ya sura. Mwishoni, katika 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Mwanafunzi aliyesikia mazishi ya hadithini, kisha akasoma vipande vitatu hivi kwa mfululizo, atauliza mhubiri yule alisimama upande wa Ayubu au upande wa Elifazi. Sijui swali la Elimu ya Dini ya Kikristo lililo bora kuliko hilo.

Katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, hadithi hiyo hiyo inaweza kukutana na Al-Baqara 156, "Hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea," pamoja na mapokezi ya Bukhari kuhusu Mtume kulia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema macho yanatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kijana anayedhani subira ni kutolia atashangaa. Kwa mada ya mambo yasiyoeleweka ipo safari ya Nabii Musa na yule mja wa Mungu katika Al-Kahf, aya ya 60 hadi 82, ambamo Musa ameahidi kutouliza na bado anauliza mara tatu. Na Elimu ya Dini ya Kihindu inaye Nachiketa wa Katha Upanishad, kijana anayemkabili Yama, bwana wa mauti, na kukataa mali na maisha marefu mpaka ajibiwe kuna nini baada ya kifo.

Dakika zigawanywe hivi: tano kurudia aya ya mwisho ya hadithi, 15 za maandiko, 15 za kujadili mahali ambapo hadithi na maandiko yanavutana, tano za kuandika. Zile 15 za mvutano ndizo huliwa na mwalimu mwenye haraka. Anasoma andiko, anasema "kwa hiyo mnaona," anafuta ubao.

Wapo watakaosema kwamba hadithi ni uongo na darasa la dini ni la kweli. Pingamizi hili ni la dhati na lisibezwe. Lakini vitabu vyenyewe havioni haya kuhusu masimulizi. Qurani inakiita kisa cha Yusuf kuwa katika simulizi zilizo bora kabisa. Mfano wa mwana mpotevu unaishia na kaka mkubwa amesimama nje, hatuambiwi kama aliingia. Kitabu cha Yona kinamalizikia kwa swali la Mungu, na Yona hajibu. Mpaka unaopaswa kuheshimiwa ni mwingine: kwa wanafunzi Waislamu, hadithi isiyabunie Manabii maneno au sura. Wahusika wawe watu wa kawaida, wa Eastleigh, Kawangware au South C, na tatizo hilo linaisha.

Wengine wanaogopa kwamba maswali yatadhoofisha imani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, zilifukuliwa maiti za watu zaidi ya 400 waliohusishwa na mahubiri ya kufunga hadi kufa, wakiwemo watoto wengi. Kijana aliyezoezwa kuuliza, kwa heshima na kwa ushahidi wa andiko zima, "Je, hivi ndivyo lisemavyo?" ana kinga ambayo kijana wa kukariri hana. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Uhuru huo unahitaji mtu anayejua kupima anachoambiwa.

Hatari halisi iko kwingine, na ni lazima isemwe wazi. Hadithi nzuri hufungua vidonda. Katika darasa la 60 kuna aliyefiwa, kuna anayepigwa nyumbani, kuna aliyedhulumiwa na mtu wa karibu. Kwa hiyo mazungumzo yabaki kwa mhusika. Mwalimu asiseme kamwe, "Nani kati yenu yamemtokea kama haya?" Mwanafunzi akianza kujisimulia mbele ya wote, amrejeshe kwa upole: "Na yule mvulana, unafikiri alihitaji nini?" kisha amwone faraghani siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Asimwahidi kwamba atatunza siri ya dhuluma, kwa sababu hataweza wala hapaswi. Mwalimu wa ushauri nasaha ajue mapema hadithi gani inasomwa wiki hiyo, na nambari 116 ya simu ya kuwasaidia watoto, isiyotozwa malipo, iandikwe mahali inapoonekana. Vile vikaratasi vya maswali visomwe vyote na mwalimu kabla hajalala. Nyakati nyingine kilio cha msaada huja kimeandikwa kama swali kuhusu mhusika.

Tathmini nayo ina mtego wake. Viwango vinne vya mtaala, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, vinafaa kupima kama mwanafunzi ametumia ushahidi wa hadithi, kama amelielewa andiko katika muktadha wake, kama ameweza kueleza kwa haki msimamo asioukubali. Visipime kiasi cha imani yake. Mwanafunzi aliyeandika "bado namkasirikia Mungu kwa niaba ya yule mvulana" na akatetea neno lake kwa Ayubu sura ya tatu anaweza kuwa amezidisha matarajio. Aliyeandika "Mungu ni mwema" pasipo neno jingine hajaonyesha kitu cha kupimwa, hata kama sentensi yake ni ya kweli.

Kuhusu vitabu, Nairobi haina sababu ya kulia njaa. Kwanza kabati la shule lenyewe: hadithi zilizokwisha kuidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala, kwa masomo ya lugha hazitamzushia mwalimu wa dini maswali kutoka ofisini. Akae na mwalimu wa Kiswahili nusu saa. Huyo ndiye ajuaye sura zinazowanyamazisha wanafunzi. Zipo pia maktaba za Makadara na Kaloleni, McMillan barabara ya Banda, na tawi la Buruburu la Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Kurudufu sura nzima kwa darasa zima bila ruhusa ni kumwibia mwandishi, na leseni za kunakili hutolewa na KOPIKEN, chama cha kusimamia haki za kurudufu. Nakala moja iliyonunuliwa na kusomwa kwa sauti haina kesi.

Katika baadhi ya shule wanafunzi Waislamu ni wachache na hawana mwalimu wao, hivyo kipindi cha dini kikifika hukaa nje au nyuma ya darasa. Kwa shule kama hizo napendekeza kipindi cha kwanza, kile cha hadithi na maswali, kiwe cha wote. Hakina andiko la upande wowote. Kipindi cha pili wagawanyike, na palipo na upungufu, shule iombe msaada wa mwalimu wa madrasa aliyeonyeshwa maswali mapema. Wazazi na mfadhili wa shule waarifiwe kwa barua fupi mwanzoni mwa muhula: jina la kitabu, sura zitakazosomwa, maandiko yatakayoandamana nazo. Barua ya aya mbili huzuia nusu ya malalamiko, kwa kuwa kinachowachoma wazazi ni kusikia habari nusu kutoka kwa mtoto mezani.

Mwalimu anayeanza asijaribu zaidi ya hadithi moja kwa muhula. Vipindi viwili kati ya vinne vya wiki, wiki ya tano au ya sita, darasa likiwa limeshamzoea na kabla ya heka heka za mitihani. Na yale maswali ya maisha ambayo hayakujibiwa yaandikwe kwenye karatasi kubwa ibandikwe ukutani, yabaki hapo hadi muhula ufungwe, kwa sababu mengine yatapata andiko lake wiki nne baadaye, katika mada ambayo hakuna aliyeitarajia.